Paka wa Kushusha Presha

Jumatatu, 3 Machi
Paka wangu, Daktari, amegunduliwa! Siku nne nimemficha chini ya kitanda, ndani ya boksi la vitabu, na leo akalia wakati wa chakula. Nikakohoa ili nifunike sauti yake. Akalia tena. Kaka akasema kikohozi changu kina mkia. Mama ni muuguzi na hataki manyoya ndani ya nyumba. Amesema Jumapili paka anahamia kwa fundi viatu, isipokuwa nikimwonyesha faida yake. Alikuwa anatania. Mimi sitanii. Nimesoma maktabani kwamba wanaofuga paka hushuka presha. Bibi ana presha. Mashine ya kupimia ipo kabatini. Niombe nini tena?

Jumanne, 4 Machi
Jaribio la kwanza. Nilimpima Bibi katikati ya karata, Kaka akimwibia waziwazi: 162. Kisha nikampakatisha Daktari. Baada ya nusu saa: 138! Bibi alikuwa amelala, lakini hilo ni jambo dogo. Sijaliandika kwenye daftari la vipimo.

Jumatano, 5 Machi
Kaka ameniuliza, eti Profesa, mbona hujapima kwa kitu kisicho paka? Swali la kijinga. Tukamwekea Bibi sweta lililokunjwa mapajani. 134. Sweta! Nimechana ukurasa. Msomi hachani kurasa, kwa hiyo ule nimeuita rasimu.

Alhamisi, 6 Machi
Bibi amegoma. Amesema, mume wangu, ukiniminya mkono huu mara ya saba, presha itapanda kwa hasira. Basi nikampima Mama alipotoka zamu. Bahati mbaya, Daktari alikuwa ameshakojolea viatu vyake vya kazi, na Mama alikuwa ameshavivaa. 171. Nimeandika: mashine mbovu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemkabidhi Mama ripoti. Kurasa kumi na moja, na jalada. Aliisoma kama faili la mgonjwa, polepole, kidole kwenye tarehe. Akauliza Jumatano imekwenda wapi. Kaka akasimulia habari za sweta, kwa raha zake zote, mpaka na namba akazitaja. Mama akasema angalau sweta halikojoi. Jumapili iko palepale.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemfungia Daktari virago: kisahani, kitambaa, nusu ya samaki wangu. Nililia kidogo. Bibi aliniona, akamwita Mama chumbani kwake. Nikasikiliza nyuma ya mlango, jambo baya, najua. Bibi alisema yeye namba hazijui, na huyo paka wala hampendi kihivyo, ananuka. Ila wiki hii amepata mtu wa kukaa naye mchana. Zamani mjukuu wake alikuwa akimpita kama anavyolipita kabati, kitabu usoni. Akasema paka akiondoka, na mtu ataondoka. Mama akasema haya, abaki, lakini viatu nioshe mimi.

Abaki!

Jumapili, 9 Machi
Sayansi imeshinda. Bibi mwenyewe amekiri kwamba paka anamfaa. Ni ushahidi wa mdomo, lakini nimeupa ukurasa wake, na huu sitauchana.

Baada ya chakula cha mchana Bibi alisogeza kiti cha pili karibu na chake, akakipangusa kwa kanga yake, akauliza kama ninakuja. Nilimweleza kwa upole kwamba sasa hanihitaji, dawa anayo. Nikampakatisha Daktari, nikaingia chumbani na kufunga mlango. Bibi alibisha hodi mara moja. Sikufungua, nilikuwa nimefika pazuri kitabuni: sura ya tatu, faida za kufuga mbuzi.

Mama anaonekana amechoka sana siku hizi. Mbuzi mmoja, mdogo tu, anaenea bafuni. Nimeshapima.