Nyuma ya Sikio la Mwalimu

Jumatatu, 2 Juni
Muuguzi amekuja saluni kwa shangazi kutufundisha kutambua saratani ya ngozi. Nyie wasusi, alisema, mnaona sehemu za kichwa ambazo mwenyewe haoni. Doa linalokua, lenye kingo zisizo sawa, linalotoa damu: mwambie mteja aende hospitali. Basi. Nilijibu maswali yote, kimoyomoyo. Redio, msusi mwenzangu, alijibu kwa sauti, akakosea nusu, akapigiwa makofi. Hasira!

Jumatano, 4 Juni
Balaa! Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu amekuja kusuka. Nyuma ya sikio lake la kushoto: doa jeusi, kingo zimechongoka, limeacha damu kwenye kitana. Nitamwambiaje mtu ambaye bado namwomba ruhusa ya kwenda chooni? (Leo nimemwomba. Saluni kwetu!) Lakini akili ninayo. Nimemsuka nywele zote juu, masikio wazi kabisa. Mwenye mdomo wake ataliona na kusema.

Jumamosi, 7 Juni
Mpango umegonga mwamba. Mwalimu amepita kunishukuru. Shule nzima imeusifia msuko! Doa, hakuna aliyelitaja. Wateja wengine wanataka wasukwe vilevile, na shangazi anatamba nami mtaani.
Nikamkalisha Mwalimu nimpake mafuta, mbele ya picha ya madoa aliyotuachia muuguzi. Nimeibandika mwenyewe, ukutani, usawa wa macho. Akavua miwani. Akauliza hiyo ni ramani ya visiwa gani.

Jumatatu, 30 Juni
Mwalimu alikuja kufumua. Nilikimbilia stoo kutunga mpango mpya. Redio akampokea, nami nikasikia kila neno. Mwalimu wangu, alisema, hapa nyuma ya sikio pana kitu sikipendi, hebu usirudi nyumbani, pitia hospitali kwanza. Mwalimu akaenda. Kirahisi hivyo! Sijawahi kumchukia Redio kama leo.

Alhamisi, 10 Julai
Ni saratani, na imeshafika kwenye tezi za shingo. Kesho wanampasua. Mwalimu aliomba nikamnyoe mimi, nyumbani kwake. Mumewe alishika beseni, macho mekundu.
Mwalimu alisema sasa ameelewa kwa nini mkono wangu ulikuwa ukisita kila ukifika pale. Hata darasani, alisema kwa upole, jibu ulikuwa nalo, mkono ukauficha chini ya dawati. Nikalia. Akaniambia niangalie nisimloweshe, hajalipia kuosha.
Nikaapa kubadilika. Kimoyomoyo.
Kisha mashine ikafika utosini. Doa jingine. Dogo, jeusi tii, lilikuwa limejificha ndani ya nywele. Mumewe akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.
Lakini safari hii nina mpango usioshindwa. Nimeacha kishungi kidogo cha nywele pembeni ya doa. Daktari hawezi kukosa kukiona.