Mashine Niliyoipaka Grisi

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nimevaa koti na tai. Lakini kabla sijafika huko, mnakumbuka viatu vya katekista, yule mwalimu wetu?

Wewe Kanuti lazima unavikumbuka, tulikaa dawati moja. Vilikuwa vinalia! Kwi, kwi, kwi, kutoka barabarani mpaka mlangoni. Tukivisikia tu tunatorokea dirishani, tunazama migombani, shule imekwisha. Mpaka siku aliponunua makatambuga ya tairi. Akaja kimya kama paka, akatukuta tumepanda juu ya madawati. Kile kiboko! Mimi niliokota kofia yangu nikaenda nyumbani, na mpaka leo sijarudi. (Darasa la tatu, ndiyo elimu yangu yote. Msinidai nukta.)

Ninachotaka kusema ni kwamba sikio langu limelelewa na vitu vinavyolia. Na hii mashine yetu ya kumenyea kahawa, ile ya mkono, imelia hapa kihambani, kwenye migomba yetu, miaka thelathini. Mama Anjela akizungusha, inavuta kwiiiinga, inapumzika, halafu ka-ka-ka, inatema maganda. Ng'ombe wenyewe wameizoea.

Sasa. Mwaka jana nilimpelekea binti yetu Anjela kaseti ya salamu kule Ujerumani. Kusema kwangu ni rahisi kuliko kuandika. (Hii naandika kwa sababu kaseti sitaki kuziona tena.) Upande mzima nilimwaga wosia: asiache kusali, avae soksi, asikopeshe watu, ng'ombe mwekundu amezaa. Akajibu kwa barua: "Baba, wenzangu wa bendi wanaisikiliza kaseti yako usiku na mchana. Mmoja wao, Udo, anakuja Marangu kuirekodi sauti hiyo vizuri zaidi."

Mnaona? Mtu wa darasa la tatu, anasikilizwa Ulaya! Niliisoma ile barua kilabuni mara mbili. Mara ya tatu watu wakahama benchi.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kwenye ile kaseti, Mama Anjela alikuwa anamenya kahawa nyuma yangu, mashine inalia juu ya maneno yangu ya hekima. Nikasema safari hii hapana. Jumamosi nikashuka mjini, Majengo, kwa fundi baiskeli, nikarudi na kopo la grisi. Nilipaka kila mahali. Hata pasipozunguka nilipaka.

Mama Anjela akasimama, mikono kiunoni. "Miaka thelathini nakuomba grisi, Baba Anjela. Leo ndiyo umeiona?"

"Mgeni anakuja," nikamwambia.

Leo asubuhi akafika. Wenzangu! Nguo nyeusi juu mpaka chini, mabuti ya askari, kucha nyeusi, wanja machoni, misalaba mitatu kifuani. Padre wetu ana mmoja.

Mama Anjela akaninong'oneza, "Huyu kafiwa na nani?"

"Ni mwanamuziki."

"Basi ni muziki ndio umekufa."

Lakini kijana ana adabu. Akainama kabisa: "Shikamoo Baba, shikamoo Mama." Kiswahili kafundishwa na Anjela, na lafudhi yetu ya mlimani imo. Ukifumba macho unaongea na mtu wa hapa hapa. Ukifumbua, Yesu wangu!

Mama Anjela alipompa chakula akamuuliza mbona nyeusi tupu. "Sisi tunapenda huzuni, Mama."

"Mnaipenda? Sisi huku inakuja bila kuitwa. Kula, mwanangu."

Halafu akanivika vile vidude vya masikioni nisikie muziki wao. Kwanza niliruka. Chuma kinapigwa, kama wahunzi kumi wanagombania nyundo moja! Udo akasema, hicho ni cha baba yake, alifanya kazi kiwandani maisha yake yote. Chini ya chuma nikasikia kinanda cha kanisa, kile cha polepole cha mazishi. Nikavua kofia. Hicho ni cha bibi yake. Ikaingia ngoma ya harusi, ya jirani wao Mturuki. Ikaingia besi. Ile besi naijua! Ni besi ya dansi letu, tulilochezea mjini mpaka soli zikabanduka. Kumbe Anjela aliondoka na santuri zangu. (Nilimsingizia shemeji miaka sita. Shemeji, kama unasomewa hii, nisamehe.) Na juu ya vyote hivyo Anjela mwenyewe anaimba Kilatini cha misa ya zamani, alichofundishwa na marehemu mama yangu.

"Kila mtu analeta cha kwao," Udo akasema.

Mama Anjela naye akavivaa, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hiki ni kiburu." Akamweleza: ndizi na maharage katika chungu kimoja, unaponda mpaka vinasahau majina. Ukikitazama ni tope. Ukionja unaomba tena. Udo akacheka, akaandika hilo neno kwenye daftari.

Basi nikaona wakati wangu umefika. Nikakaa kwenye kiti, tai imenyooka, karatasi tatu mkononi. Udo akatega kinasa sauti chake. Nikaanza. Karatasi ya kwanza, sala. Ya pili, kilimo. Ya tatu ndiyo naingia kwenye ndoa, akainua kidole, ile kucha nyeusi.

"Samahani, Baba. Sauti itaanza saa ngapi?"

"Sauti gani?"

"Ile ya kaseti."

"Si ndiyo hii?"

"Hii ni ya Baba. Naulizia ile nyingine. Iliyokuwa nyuma ya Baba. Kwiiiinga."

Nikalegeza tai. Mama Anjela alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Udo akaeleza taratibu. Kuna wimbo Anjela ameutunga, katikati ameacha nafasi tupu, haimbi mtu. Pale itakaa mashine ya mama yake. Anasema akiisikia, amefika nyumbani. Kwenye kaseti haitoki safi kwa sababu kuna mzee anaongea juu yake.

(Kuna mzee!)

Tukaenda kwenye mashine. Mama Anjela akazungusha. Kimya. Kimya cha Ijumaa Kuu! Gurudumu linateleza kama samli. Udo akageuka kunitazama na yale macho ya wanja, na kesho alfajiri ndiyo anaondoka. Tukamwaga maji ya moto, tukasugua majivu, tukapiga sabuni. Ikatoa sauti moja tu, ya kuku anayekunywa maji.

Nikamwona Anjela, huko kwenye baridi, na ile nafasi yake tupu. Nani kaifanya tupu? Mimi na kopo langu.

Nikamwambia Udo, "Vaa vidude vyako, fumba macho. Mashine hii ina aibu, haitaki kutazamwa." Akafumba. Mama Anjela akashika mkono wa mashine. Mimi nikazunguka nyuma, nikachuchumaa migombani na koti langu, nikabana pua, nikavuta kutoka tumboni: kwiiiiinga! Ka-ka-ka!

Udo akatabasamu. Akainua dole gumba. Nami nikapata moto. Miaka thelathini nimeisikia, nawezaje kukosea? Kwiiiiinga! Nikaongeza na mkwaruzo wa mwisho, ule wa kahawa mbichi ikikwama.

Sasa Mama Felista, jirani, alikuwa anapita na majani ya ng'ombe. Anaona nini? Mzee, koti na tai, amechuchumaa kwenye migomba, kabana pua, mishipa imemtoka, anapiga kelele za nguruwe. Akatupa mzigo akapiga yowe.

"Uwiii! Njooni! Meku, mzee wa watu, anakufa!"

Yowe la mlimani mnalijua. Walikuja na mapanga, na majembe, mmoja na kata ya pombe ya mbege mkononi, hakutaka kuiacha. Wamenizunguka, na mimi pumzi ya mwisho ilikuwa bado imo, ikatoka mbele yao wote: ka-ka-ka.

Na Mama Anjela, ambaye hakuacha kuzungusha, akawaambia kwa upole kabisa:

"Mwacheni. Hiyo ni mashine yetu."

Walicheka mpaka mbege ikamwagika. Nilipoinuka, Udo alikuwa amefumbua macho. Nikangoja anikasirikie. Amerudisha kaseti nyuma, anasikiliza, machozi meusi yanamshuka mpaka kidevuni. Kumbe imenasa yote: mimi, yowe, kicheko, na Mama Anjela. "Baba," akasema, "Anjela alisema nyumbani. Hapa wamo wote."

Sawa. Nimekaa jikoni naandika, nimevua tai, kiburu kilichobaki nimekula. Msicheke. Watoto wa jirani wamekwisha kuniita Mashine, hao wanatosha. Na Udo ananiita tena huko nje, eti turudie mara moja, niipige kwa huzuni zaidi.

Ngoja nitoke nikamwambie hapana.