Nimeambiwa Nirudi na Mzazi

Alhamisi, 8 Agosti

Mizigo tayari. Nimeifunga mwenyewe, jambo lililomtia mke wangu wasiwasi. Kesho tunakwenda mapumziko! Shamba, hewa safi, nyumba ndogo ya wageni kilimani. Nimeipata kwenye simu dukani kwetu tunakouza magodoro, mteja akiwa amesinzia kwenye godoro la majaribio.

Mke wangu hana imani. Ana sababu zake. Mara ya kwanza nilimpeleka hoteli ambayo ilikuwa bado inajengwa, tukalala jirani na mashine ya zege. Mara ya pili tulijikuta kwenye harusi ya watu tusiowajua, tukaishia kuosha vyombo. Leo amesema, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Hataki makubwa. Anataka kukaa mahali palipotulia, anywe kikombe cha chai ambacho hakukipika yeye, na akimalize kikiwa bado cha moto. Akikosa hicho, kuanzia sasa likizo zote ni kwa mama yake.

Mama mkwe! Likizo iliyopita nilimpakia chokaa banda la kuku. Ndani na nje. Kuku walikuwamo.

Lakini safari hii nimejipanga. Picha ninayo: veranda, viti viwili vya kusukwa, bonde lote chini. Tangazo linaahidi "utulivu, nidhamu na malezi bora." Lugha tamu kweli. Nimemsomea mke wangu mara kadhaa. Aliniuliza malezi ya nani. Nikamwambia asitafute kasoro.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumefika. Tulichelewa kidogo kwa sababu ya tairi. Langoni alisimama mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba na rula ndefu mkononi. Hakusema karibu. Alitazama saa, akatuuliza kama tunadhani hii ni saa ya kufika. Mke wangu akaweka mikono nyuma, akasema, samahani, Madam. Nikashangaa. Kumbe mwenzangu alishaelewa.

Mama huyu alikuwa mwalimu mkuu. Hapa palikuwa shule ya bweni. Shule ikafungwa, yeye hakufungika. Aliyanunua majengo, akapaka rangi geti, akaweka tangazo. Mengine yote kayaacha vilevile. Hata kengele ni ileile: rimu ya lori inayoning'inia mtini, inagongwa kwa kipande cha nondo.

Mabegi yamekaguliwa. Karanga zangu zimechukuliwa. Soda pia. Nimeambiwa nitarudishiwa siku ya kufunga shule.

Chumba? Hakuna chumba. Kuna bweni refu lililogawanywa kwa mapazia ya kijani, yote sare. Nyuma ya kila pazia, kitanda cha dabo deka. Mke wangu chini, mimi juu. Niliuliza kwa adabu ile veranda ya kwenye picha iko wapi. Mwalimu Mkuu akasema kwanza ninyooshe mkono. Nikanyoosha. Akasema veranda ni ya chumba cha kiranja, na kiranja huchaguliwa kesho mstarini, baada ya ukaguzi wa vitanda.

Godoro ni balaa. Limebonyea katikati, ukilala miguu na kichwa vinaonana. Nikaamua kulalamika, tena kitaalamu, maana hii ndiyo kazi yangu. Nililifunua nitafute nembo ya waliolitengeneza niwaumbue mbele ya watu. Nembo ni ya duka letu. Chini yake kuna karatasi ya dhamana, na sahihi yangu.

Nimelifunika. Godoro lina mazuri yake.

Pazia la pili anakaa mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa benki. Anavaa soksi ndani ya kandambili. Nimempa jina: Bwana Soksi. Huja hapa kila mwaka, na kila mwaka yeye ndiye kiranja. Aliniambia hivyo huku akinitazama namna ninavyokunja shati. Nimemchukia papo hapo. Veranda hiyo ni ya mke wangu, na tutaona nani kidume.

Jumamosi, 10 Agosti

Kengele imelia jogoo wakiwa bado wamelala. Wote kwenda kunawa. Nikabaki nyuma, nikijifanya natafuta kiatu. Mpango: kumvurugia Bwana Soksi kitanda kabla ya ukaguzi. Si roho mbaya. Ni mashindano.

Madirisha yalikuwa bado yamefungwa, giza tupu. Nikahesabu mapazia kwa kupapasa, nikaingia. Nikavuta shuka, nikakunjakunja blanketi, nikatupa mto chini. Niliukanyaga kidogo. Kitanda cha chini kilikuwa kimetandikwa vizuri mno, kona zake kali, nikakiacha kwa heshima. Nikatoka nikipiga mluzi.

Mapazia niliyahesabu kuanzia upande usio sahihi.

Mwalimu Mkuu aliusimamisha ukaguzi wote mbele ya kitanda changu. Akaita wageni waje kuona. Alinyanyua mto wangu kwa ncha ya rula, wenye alama ya kandambili yangu, akauliza mtu wa namna hii nyumbani analala wapi. Bwana Soksi alitikisa kichwa kwa masikitiko, mnafiki mkubwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha Mwalimu Mkuu akatazama kitanda cha chini. Akapitisha rula kwenye ile kona. Akauliza ni cha nani. Mke wangu akanyoosha mkono, akasema alikuwa kiranja wa bweni miaka yote ya sekondari. Miaka yote hii ya ndoa, mimi nilidhani anatandika tu!

Basi mstarini ameteuliwa. Bwana Soksi kawa msaidizi wake, uso umemshuka. Nikabeba mabegi yote mawili kuelekea veranda. Mwalimu Mkuu akaniuliza naenda wapi. Nikasema, chumbani kwetu. Akasema kiranja halali na wanafunzi. Nikamtazama mke wangu anitetee. Akasema sheria ni sheria, baba watoto, chomekea shati.

Mchana. Sijakata tamaa. Pembeni ya veranda kuna chumba cha wagonjwa. Mgonjwa hulala pale, na kiranja humjulia hali. Dawa ya shida hii ilijulikana tangu zamani: kitunguu kwapani, homa inapanda. Nikachukua viwili jikoni, kila kwapa kimoja, nikajilaza juani mpaka nikachemka.

Mwalimu Mkuu alikuja na kipimajoto. Hakukitumia. Alinusa tu. Akasema tangu aanze kufundisha hajawahi kuona mtoto anayependa vitunguu kiasi hiki, na itakuwa dhambi kunitenga navyo. Nimemenya vitunguu vya bweni zima mpaka jioni. Bwana Soksi alipita mara nyingi kuona kama nalia. Nilimwambia ni vitunguu. Akasema, bila shaka.

Mke wangu sijamwona tangu mstarini. Wanasema ana kikao.

Jumapili, 11 Agosti

Niliamka na uchungu. Kesho tunaondoka, na chai ile ya kwenye veranda mke wangu bado hajainywa. Nilimwona asubuhi akizunguka na Mwalimu Mkuu wakikagua mitaro. Kiranja hana muda wa kukaa! Nimempeleka mapumziko, nimemtafutia kazi. Nikiwaza banda la kuku, naanza kunusa chokaa.

Wazo: biskuti. Hakuna mtu anayekataa kukaa akiletewa biskuti. Biskuti ziko senta, kwenye maduka, na senta iko ng'ambo ya ua. Kuomba ruhusa ni kupoteza muda. Nikaruka ua.

Kwenda nilikwenda vizuri. Kurudi, suruali ilishikwa na waya, nikaning'inia, kisha nikaanguka juu ya kitu laini. Kitu laini kikapiga kelele. Alikuwa Bwana Soksi, kiranja msaidizi, akilinda ua. Biskuti zilivunjika zote. Soksi zake zilisalimika.

Hukumu ilitolewa palepale, mstarini, wageni wote wamejipanga. Nimesimamishwa. Nitoke, na nisirudi bila mzazi au mlezi.

Nilijitetea. Nilisema mimi nina upara. Mwalimu Mkuu akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini yeye angependa kwanza azungumze na huyo mama. Nikamgeukia mke wangu. Akatazama ubao wa matangazo. Niliona midomo yake ikitetemeka, nikadhani analia. Sasa nadhani hakuwa analia.

Nje ya geti, suruali imechanika, wazazi wangu wako mbali. Mtu mwingine angeketi na kujilaumu. Mimi nilikwenda senta kukodi mzazi.

Nilimpata kinyozi. Kijana mwenye masharubu mazuri na koti, umri wake nusu ya wangu. Akasema hawezi kuwa baba yangu. Nikamwambia atakuwa baba mdogo. Baba mdogo anaweza kuzaliwa hata baada yako, ukoo hauna haya. Akakubali. Tukampaka poda kichwani apate mvi, kofia juu. Njiani tulifanya mazoezi. Alikuwa hodari, alinigombeza mpaka nikaanza kujirekebisha. Tatizo langu lilikuwa moja: sikumwambia tunakwenda kwa nani, naye hakuuliza, kwa kuwa alidhani nimefukuzwa kazi.

Tulipoliona geti, baba mdogo akapunguza mwendo. Tulipomwona Mwalimu Mkuu, akavua kofia. Poda ikamwagika mabegani. Akaweka mikono nyuma, akaungama yote kabla hata ya salamu: kwamba hanijui, kwamba nimempaka poda, kwamba wazo ni langu.

Mwalimu Mkuu akamkumbusha kwamba na yeye, akiwa kidato cha pili hapahapa, alifukuzwa akalete mzazi. Akamuuliza yuko wapi huyo mzazi. Kinyozi akasema anakuja, Madam. Miaka yote hiyo!

Tukapewa mafyekeo, mimi na baba mdogo. Nyasi zote za mteremko ulio chini ya veranda. Nilipokwisha fyeka upande wangu, Mwalimu Mkuu akanipa adhabu ya pili: nikapike chai, nimpelekee kiranja.

Nikapika. Nilisafisha kikombe mara mbili. Nikapanda ngazi taratibu, kikombe juu ya sahani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kusukwa, viatu kavua, miguu juu ya kiti cha pili, bonde lote mbele yake. Akapokea. Akanywa yote, polepole, mvuke bado unatoka. Kisha akasema hakumbuki mara ya mwisho alipokunywa chai moto mpaka mwisho. Ilikuwa kabla ya mtoto wa kwanza. Alisema asante.

Nilifurahi. Naandika kama ilivyo: nilisimama nimeikumbatia sahani yangu tupu. Nikauliza kama naweza kukaa kidogo kwenye kile kiti cha pili. Akaangalia miguu yake iliyokuwa juu ya kiti hicho. Akasema niongeze sukari safari ijayo, na pale kwenye mti nimeruka nyasi.

Jumatatu, 12 Agosti

Nyumbani. Nimerudishiwa karanga. Soda hapana, Bwana Soksi kainywa na anakana.

Mke wangu ameimba njia nzima. Anasema hii ndiyo likizo niliyokuwa namwahidi tangu harusi. Kwa hiyo, ukitazama kwa makini, mpango wangu umefanikiwa. Nisingevuruga kitanda kile, nani angekiona cha chini? Nisingeruka ua, nani angemletea chai? Nimemweleza hesabu hii yote garini. Alinisikiliza, kisha akaongeza sauti ya redio.

Habari mbaya amenipa tulipofika mlangoni. Kashaweka nafasi tena, Desemba. Kiranja anaruhusiwa kuja na mgeni mmoja kulala chumba cha veranda, naye amemwalika mama yake. Tena Mwalimu Mkuu ameshaongea na mama kwa simu. Wameelewana sana. Mama mkwe atakuwa ndiye mlezi wangu rasmi, ili likitokea la kutokea asihangaike mtu kwenda senta. Na amesikia kuna banda la kuku nyuma ya jiko ambalo halijapakwa chokaa.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimekaa dukani tangu mchana, nimelala chali kwenye godoro la majaribio, nafikiri. Na nimepata! Desemba nitajiandikisha yatima. Yatima haambiwi alete mzazi. Na nikiwaza vizuri, yatima kamili hana hata mama mkwe.

Kinyozi nimeshampigia. Atakuja kutoa ushahidi kwamba aliniokota.