Kinanda cha Bi Nurbanu Kirudishiwe Ubovu Wake

Makorora, Tanga
Machi 1986

Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi, Mzee Uweso,

Shikamoo. Natumai mguu wako umepoa na Bi Sabiha hajambo. Sisi wazima, ila raha hatuna, na aliyetuondolea raha ni kinanda.

Unakijua kile kinanda kikubwa cha Bi Nurbanu, mke wa Bwana Noorali muuza vitambaa. Miaka yote ya foleni za madukani kilikuwa kibovu, na ubovu wake ulitufaa. Chumvi ya bahari ilikula nyaya, nondo wakala sufu ya vinyundo, nusu ya vibao ukivibonyeza havisemi kitu. Sasa biashara imelegezwa, na pamoja na sabuni na mitumba ameingia fundi Taizoon kutoka Mombasa, na mkoba wa nyaya mpya. Wiki nzima yumo humo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi huyu hapigi wimbo. Hupiga sauti moja tangu asubuhi, akaikaza, akaipiga tena, akailegeza. Mtaa mzima tumekaa tukingoja ya pili. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja la mteja.

2. Alipokifungua tumboni alitoa mche wa sabuni na kopo la mafuta yaliyokwishachacha, vilivyofichwa mwaka ule wa msako wa walanguzi. Akavipanga barazani, akauliza kwa sauti ni vya nani. Mimi sikutaja jina, Mzee wangu, wala sikutazama upande wa nyumba yako.

3. Watoto wetu walijifunza nyimbo kwa kinanda kile, wakinyamaza pale kilipokuwa bubu. Juzi kilipopigwa kizima, mjukuu wangu Wanu alisema Bi Nurbanu anakosea.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Mume wangu Maulid, miaka yote nikiimba kwenye cherehani, alikuwa akisinzia kwa raha zake. Sasa ameshinda dirishani kwa fundi na kurudi na masikio mapya. Kwanza alitia mafuta bawaba za mlango, eti zinalia ovyo. Kisha akamkemea jogoo. Juzi nikiimba, akaweka kikombe chini akasema, "Mastura, hapo umeshuka kidogo." Tangu hapo sijaimba. Nyumba imepoa, inasema cherehani peke yake, na yeye anazunguka akiniuliza naumwa nini. Leo ni jogoo. Kesho, Mungu apishie mbali, atakwenda kumsahihisha muadhini.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, fundi asindikizwe hadi mpakani, nyaya za kutu zirudishwe mahali pake, nondo nao waitwe. Na ukienda mkutanoni uwaambie wakubwa kwamba kulegeza biashara kuishie kwenye sabuni.

Nisalimie Bi Sabiha, wanao wote, na wale ndugu zako wa Pongwe wakija.

Ni mimi jirani yako niliyenyamazishwa,
Mastura binti Jumbe, mshonaji

Nyongeza: Nikiwa njiani kuileta barua hii nilipita kwa Bi Nurbanu nimweleze niliyoyaandika, maana sipendi kumsema mtu kisogoni. Hakukasirika. Alinikalisha kando ya kinanda, akaniambia niimbe palepale nilipokosolewa. Nikaimba. Akabonyeza kibao kimoja, nacho kikatoa sauti ileile yangu. Akabonyeza tena, akasikiliza.

"Hukushuka, Mastura," akasema. "Maulid ndiye kapanda."

Fundi Taizoon akaitikia kwa kichwa. Tuliimba mpaka magharibi, na kazi za watu sikushona. Basi fundi asiguswe, kwani vibao viwili vya chini bado vinakwama. Malalamiko yote nayahamishia kwa Maulid. Umwite barazani kwako Ijumaa baada ya sala, nasi tutatafuta vijana wa kubeba kinanda kije kitoe ushahidi.