Ombi la Kurudishwa Mkiani mwa Msafara

Kumb. Na. BSK/MLM/1

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Waendesha Baiskeli cha Mtaa Wetu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUFUTWA KWA KANUNI YA SABA KABLA SIJAHARIBIKA KABISA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na mimi mwandishi nahusika zaidi yake.

Naandika kwa heshima zote, kwanza kwa kuwa wewe ni mwenyekiti wetu, pili kwa kuwa wewe ndiye daktari wangu wa meno na gego langu la kushoto hujalimaliza. Sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na kanuni moja tu ya chama, ile ya saba, isemayo kwamba anayekwenda polepole kuliko wote ndiye atangulie, avae kizibao cha rangi ya chungwa, na asipitwe na yeyote, ili msafara usimwache mtu njiani.

Nilipojiunga niliiona kanuni ya utu. Kama ujuavyo, mimi ni karani mstaafu wa masjala. Miaka thelathini na mmoja nilikaa chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na stoo ya mafagio, nikipokea majalada na kuyapa namba. Sikuwahi kutangulia popote, hata kwenye foleni ya chai. Kwa hiyo mliponipima kwenye mlima wa shule, mkacheka kwa adabu, kisha mkanivalisha kizibao, nilidhani ni suala la usalama barabarani. Laiti ningalijua! Sasa, baada ya siku nne za safari yetu ya nyanda za juu, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Ukimya wa kule hauna adabu. Hapa mjini mtu anaweza kuhema kwa siri. Kule, ng'ombe akitafuna upande wa pili wa bonde unamsikia, na mimi nilisikika kona mbili kabla sijafika. Watu waliacha viazi shambani wakaja kujipanga kando ya barabara waone ni kitu gani kinachopanda. Na watu wakishajipanga, utawapita bila kuwasalimu? Nilisalimia mpaka sauti ikakauka.

2. Nilidhaniwa mkubwa. Naomba ujiweke mahali pao, Ndugu Mwenyekiti. Wanaona mzee mwenye miwani na kizibao kinachong'aa, anakwenda polepole mno, ameikodolea macho barabara. Nyuma yake watu kumi na mmoja wenye nguvu zao, na hakuna hata mmoja anayethubutu kumpita. Kila penye kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, mzee anashuka, anashika kiuno, anainama na kuangalia chini kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa natafuta pumzi. Wao waliona mkaguzi wa barabara, tena wa ngazi za juu. Mama mmoja mwenye duka aliniuliza kama kalavati lile litapanuliwa kabla ya mvua. Sikuwa na pumzi ya kumjibu, nikatikisa kichwa juu na chini ili tu nipate hewa. Alipiga vigelegele.

3. Daftari. Hapa nakiri kosa ni langu, ingawa chanzo ni kanuni yenu. Mtu aliyekaa masjala miaka yote hiyo hawezi kusikia shida ya mtu asiiandike. Mkono unakwenda wenyewe. Mama wa duka alipomaliza kueleza, nilishaandika, nikampa na namba ya kumbukumbu. Ndugu yangu, hujui nguvu ya namba! Mtu akishapewa namba anatulia, uso unang'aa, anakwenda kumwita jirani. Tulipofika kijiji cha pili walikuwa wananisubiri kwa mstari. Yupo aliyelalamikia daraja la magogo lililobaki na magogo mawili, kwa hiyo wanaolivuka wanavuka kama wanasarakasi. Yupo ambaye fahali wa jirani humchungulia dirishani kila asubuhi akinyoa ndevu. Nikaandika vyote na kuvipa namba. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa nyuma yangu kwa mujibu wa orodha yenu, alikaa majanini akacheka mpaka akahitaji kupepewa. Nilipomwomba anitetee, aliwaambia wanakijiji kwamba mzee wake ni mtu wa kazi na wamwache amalize.

4. Choo cha shule. Sitaki kulizungumza sana hili. Mwalimu mkuu alitusimamisha akaomba nizindue choo kipya cha wanafunzi, kwa kuwa mgeni rasmi waliyemwalika alishindwa na mlima. Nilimwambia wazi kwamba mimi si mtu yeyote. Akajibu kwamba wakubwa wa kweli ndivyo wanavyosema siku zote, na akanipa mkasi. Utepe ulikuwa bendeji kutoka sanduku la huduma ya kwanza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi nikakata. Kisha nikahutubu dakika sita. Nilisema choo ni mlango wa maendeleo. Mpaka leo sijui nilikuwa na maana gani, lakini nilirudia mara tatu na kila mara walipiga makofi. Wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, ulipiga mluzi. Ninao mashahidi kumi.

5. Miteremko. Kanuni ya saba iliandikwa na mtu aliyefikiria kupanda tu. Kwenye kuteremka, mimi, kwa sababu za kimwili nisizopenda kuziweka kwenye maandishi, ndiye wa kasi kuliko wote. Siku ya tatu, kwenye ule mteremko mrefu wenye kona saba, miguu ilitoka kwenye pedeli kona ya kwanza na kofia ikanitoka kona ya pili. Nilipiga kelele za kuomba msaada. Wakulima wakadhani nawapungia salamu kwa sauti, nao wakapunga, na mimi kwa kutotaka kuonekana nina kiburi nikapunga pia. Nilipunga kwa mkono wa breki. Nililala katikati ya shamba la kabichi. Mwenye shamba alikuja mbio, nikajua leo nakula bakora. Badala yake aliniinua bega, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na akanishukuru kwa kuwa ofisa wa kwanza kuja kuuona mpaka wa shamba anaougombania na jirani kwa ukaribu kiasi hicho. Malalamiko yake niliyaandika nikiwa bado chali. Namba kumi na tisa.

6. Hili ndilo kubwa, na ndilo linaloninyima raha. Tangu turudi siko sawa. Mlangoni napita wa kwanza. Dukani natikisa kichwa watu wanaponieleza bei. Barua ishirini na tatu nimeziandika kwa ofisi zinazohusika, kila moja na nakala yake, kwa jina langu halisi na cheo cha "mpanda baiskeli". Nilitegemea zitakwenda kulala masjala, maana masjala naijua. Jumatatu nimepata majibu. Magogo manne mapya yamewekwa kwenye lile daraja, na mwalimu mkuu ameandika kwamba watoto sasa wanavuka wakikimbia.

Ndugu Mwenyekiti, niseme ukweli wote. Nilisoma barua ile nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikamsomea mke wangu, naye kwa mara ya kwanza hakucheka, akanishika mkono. Nilifurahi mno. Kule juu, asubuhi ukungu ukiondoka, barabara ikiwa tupu mbele yangu mpaka kileleni na hakuna mgongo wa mtu machoni mwangu, nilifurahi hivyo hivyo, nikawa nacheka peke yangu huku nahema. Hii ndiyo hatari yenyewe. Mtu wa miaka sitini na tatu aliyezoea kuishi nyuma hapaswi kuonjeshwa mambo kama haya. Akishaonja, atarudi vipi jirani na mafagio?

Kwa hiyo, kabla ya safari ya Jumamosi, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Kanuni ya saba ifutwe, na atangulie mwenye nguvu kama inavyofanyika duniani kote.
(b) Mimi niwekwe mkiani, ambako naelewa mazingira.
(c) Ombi hili likikataliwa, barua hii ihesabiwe kuwa ya kujiuzulu, nami nitakaa barazani kwangu Jumamosi nikiwasikiliza mnavyoondoka.

Wasalimie wanachama wote, pamoja na yule fundi saa anayezibiwa pancha na mke wangu. Msalimie na msaidizi wako wa kliniki, mwambie nitakuja kwa ajili ya gego roho zetu zikishatulia.

Wako katika ujenzi wa chama,

Karani Mstaafu
(Mwenye Kizibao)

N.B. Nimefungua tena bahasha. Mke wangu amenieleza hivi punde kwamba Jumamosi anaanza mwanachama mpya, mkunga mstaafu mwenye goti bovu, na kwamba jana mlimpima kwenye mlima wa shule akatumia dakika nne zaidi yangu, hivyo yeye ndiye atakayetangulia. Napinga! Yote niliyoandika hapo juu yafutwe, isipokuwa salamu. Dakika nne ni kitu gani? Siku mliyonipima mimi nilikuwa na haraka. Naomba nipimwe upya, kwani hamjawahi kuuona uwezo wangu wote wa kuchelewa. Kesho saa moja asubuhi mtanikuta chini ya mlima, na nawaahidi saa sita mchana mtanikuta bado papo hapo.