Kitufe Kikubwa cha Gari la Zahanati

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Kamisawabe, Mheshimiwa Naibu Meya, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, ndugu Katibu wa Chama cha Wakulima wa Vitunguu Majani, wazee wangu mliowahi kufika mkakuta chai imepoa: mimi, Onodera Kiyoteru, Mkuu wa Kitengo cha Sura ya Programu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao ofisi nzima inautambua. (Makofi, hasa kutoka kitengoni kwake.)

Mtakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita Bi Hatsue, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alilalamika kuwa katika programu ya simu ya manispaa kitufe cha kuita gari la zahanati ni kidogo kama punje ya ufuta, kimebanwa chini ya picha ya Meya, hata akakosa kliniki ya macho mara tano. ("Mara saba! Na leo saa nane natakiwa tena!" Bi Hatsue, kiti cha mbele.) Mara saba, bibi yangu, takwimu zetu zinakua. (Vicheko.)

Basi, kwa kuzingatia Mpango Mkakati Shirikishi wa Maboresho Endelevu, tukaamua kuhariri violezo, yaani zile kurasa zinazoiamuru programu ionekane vipi, na kwa kuwa kiolezo ni waraka wa serikali, na waraka wa serikali haufutwi ovyo, tulivichapa vyote, kurasa 412, tukakata makosa kwa mistari miwili myekundu ya rula, na kila ukurasa ukagongwa mihuri kumi na mmoja, jumla mihuri 4,532, ya maafisa wadogo yote ikiinama kushoto kuuinamia wangu, kama adabu ya ofisi inavyotaka! (Makofi.)

("Mkuu, ni mstari mmoja tu! Unabadili namba ya ukubwa, unahifadhi, dakika nne!" Niitsuma, fundi matrekta aliyejifunza kompyuta bandani kwake.)

Ndugu yangu Niitsuma, hizo dakika nne zina mihuri mingapi? ("Sufuri!") Umeona sasa! Na sura mpya ndiyo hii nyuma yangu, skrini ya mita mbili, kitufe chekundu kama sinia. (Mshangao.) Kitufe! ("Kikubwa!" ukumbi unaitikia.) Mzee! ("Aone!")

Kwa kumalizia, nawashukuru maafisa wangu, ambao mwezi uliopita, ukurasa wa 409, waligundua muhuri mmoja wa mdogo umesimama wima, ukinikodolea macho, hivyo kwa ari mpya tumeanza tena ukurasa wa kwanza; na namshukuru mke wangu kwa gundi, rangi, na maboksi ya machenza yaliyotupatia skrini hii. Bi Hatsue, tafadhali, usibonyeze, gundi haijakauka!

(Bi Hatsue anabonyeza. Kitufe kinadondoka. "Gari linafika saa ngapi?" anauliza. Niitsuma anamwokotea mkongojo: "Twende, bibi. Trekta langu lina kitufe kimoja, tena kikubwa.")