Akina Kipkorir na Mtamba Mmoja

Jumatatu, 6 Machi 1989

Wiki yangu imefika! Jumamosi DC anakuja hapa kwenye ushirika wetu wa maziwa kumpa mtamba mkulima aliyeleta maziwa mengi kuliko wote. Kompyuta ndiyo itamtaja. Siku hiyo hiyo Meneja Nderitu atachagua Mkuu wa Kompyuta: mimi Shitanda, au Jemutai wa meza ya pili. Jemutai!

Shida ni namba za wakulima. Kila asubuhi mzee anafika dirishani na debe lake, namba kasahau, foleni inasimama. Nitazifuta. Nani husahau jina lake?

Jumanne, 7 Machi

Jemutai kajitia mwalimu. Ati niweke majina kando ya namba, vyote vitumike mwezi mzima, nione kama vinakubaliana, ndipo nifute namba. Na kwanza nitoe nakala kwenye diski. Mwezi mzima! Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Tukatoka sare.

Baadaye nilimwona akitoa nakala yake mwenyewe na kuitia mkobani. Wivu tu.

Alhamisi, 9 Machi

Nimefuta namba asubuhi, maziwa yakiingia. Kompyuta ililia kidogo, ikanyamaza. Jina moja kwa kila mkulima. La pili linakula nafasi bure. Mzee akisema Kipkorir, naandika Kipkorir. Foleni imekwisha kabla ya chai!

Tena, tulikuwa na wakulima zaidi ya mia nne. Sasa inaonyesha hamsini na kitu. Imejisafisha yenyewe. Jemutai alikuja kuchungulia, nikafunika kioo kwa koti.

Jumamosi, 11 Machi

Balaa! DC kasoma karatasi: mshindi ni Kipkorir, lita elfu tisa kwa mwezi. Akainuka mzee mwenye ng'ombe mmoja, tena aliyekonda, akashika kamba ya mtamba. DC akamuuliza ng'ombe wake anakula nini. Kabla mzee hajajibu wakainuka Kipkorir wengine, safu nzima ya mbele na nusu ya nyuma. Kila mmoja alishika alipopata: kamba, sikio, mkia. Mtamba akamkanyaga Meneja.

Mama Nyaguthii, aliyekuwa akiongoza tangu mwaka uanze, alikaa ameshika tama. Mtamba alikuwa haki yake. Nilishindwa kumtazama.

Jemutai akafungua mkoba. Diski ikaingia, namba zikarudi, Mama Nyaguthii akaondoka na mtamba wake akiimba. Na Jemutai akaondoka na cheo changu. Nimeumia, siwezi kusema uongo.

Jumatatu, 13 Machi

Nimehamishiwa Chepsaita, kupima maziwa. Hapa hakuna kompyuta, ni kadi zenye namba. Na wazee wa hapa pia wanazisahau!

Nimewaza njia nzima. Kufuta hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa majina ya wanaume, yanafanana mno. Hapa kila mzee nitamwandika kwa jina la mkewe. Nimewauliza watatu wa kwanza kwenye foleni. Wote wamesema Chepkorir. Sadfa tu.

Nimeomba kifutio. Naanza sasa hivi, kabla maziwa hayajaisha kuingia.